Magadi wanne na mbeba lumbesa mmoja: namna ya kujenga timu fupi ya kikapu inayoshindania kombe

Tanzania ilishamtoa Hasheem Thabeet, mtu wa mita 2.21, aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009. Tangu hapo kila kocha wa mtaani anamsubiri wa kwake. Hapa Mbeya nilisubiri misimu mitatu. Walionijia ni vijana wa sentimita 170 na kitu, wepesi, wabishi, kila mmoja akitaka yeye ndiye ashike mpira. Msimu wa nne nikaacha kusubiri, nikaanza kupanga.

Mwongozo huu ni wa kocha mwenye hali kama yangu: uwanja wa zege usio na paa, mipira minne, wachezaji kumi na wawili na hakuna hata mmoja anayegusa ringi. Magadi (wachezaji wa kuleta na kurusha mpira, siyo yale ya kulainishia maharage) wamejaa, senta, yule mrefu wa chini ya ringi, hayupo. Kombe la mkoa linashindaniwa na kikosi cha namna hiyo, na nimeliona kwa macho. Ila si kwa njia wanayoifikiria vijana wako, ya kusimama mbali na kufyatua pointi tatu mpaka mkono uanze kuuma.

Timu fupi inaishi kwa hesabu ya mipira. Tuseme kila timu inapata mpira mara 70, na ribaundi (mipira inayorudi mtupo ukikosa) tuziache kwanza. Wenzenu wanapoteza mipira 18 kabla ya kurusha, nyie mnapoteza 10. Wao wamebakiwa na mitupo 52, nyie 60. Wakiingiza nusu ya mitupo yao ya pointi mbili wana pointi 52. Nyie mkiingiza 27 tu kati ya 60, mna 54. Mmewazidi watu wanaorusha vizuri kuliko nyie na wanaowapita kwa kichwa kizima. Hatua zote zinazofuata zinalenga tofauti hiyo ya mipira minane.

1. Pima uwanja kabla hujapima wachezaji

Azima tepu ya fundi. Mstari wa pointi tatu wa FIBA (shirikisho la kikapu la dunia) uko mita 6.75 kutoka chini ya katikati ya ringi, na kwenye kona ni mita 6.60. Kabla ya mwaka 2010 ulikuwa mita 6.25. Ukikuta mstari wenu uko kwenye 6.25, na eneo la sekunde tatu (lile lililochorwa mbele ya ringi) limetanuka chini kama sketi badala ya kuwa mstatili, basi mnafanyia mazoezi mchezo wa zamani. Vijana wanaoingiza hapo nyumbani wakienda kwenye mashindano wanapungukiwa nusu mita, wanaanza kupiga hewa na kulaumu mpira. Chora mstari mpya kwa chokaa. Mvua ikiufuta, chora tena.

Ringi iwe mita 3.05. Ya kwetu upande wa barabarani ilikuwa imeinama mbele kwa sababu ya watoto wanaoning'inia jioni. Tulitia magoli mengi sana upande huo.

2. Usiige televisheni

Hapa ndipo nilipoumia. Februari 2020 Houston Rockets, timu ya NBA, walimwachia senta wao Clint Capela aende Atlanta, wakamweka P.J. Tucker, mtu wa mita 1.96, kucheza kama senta. Vijana wangu waliangalia kwenye simu, wakaja mazoezini wamechanganyikiwa kwa furaha: kocha, si ndiyo sisi hawa! Nikakubali. Tukacheza wote watano nje, tunarusha pointi tatu. Kwenye mashindano tulikutana na timu moja kutoka Pwani iliyokuwa na senta mnene asiyekimbia. Yule bwana hakuhangaika kutufuata. Alisimama chini ya ringi dakika 40 kama mlinzi wa benki. Kila tuliyempenyeza alikutana na mikono yake, kila tulichorusha kwa mbali kiligonga chuma. Tulifungwa kwa tofauti ya pointi 23.

Nilichokuwa sijakisoma ni kanuni. Kule NBA mlinzi haruhusiwi kukaa eneo la chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu wa karibu. Kwenye kanuni za FIBA, tunazochezea sisi, sekunde tatu zinamhusu anayeshambulia tu. Mlinzi anaweza kuweka hata kiti chake pale. Kwa hiyo uwazi unaouona kwenye simu, magadi wakiteleza mpaka chini ya ringi bila kuguswa, huku hauji wenyewe. Lazima uutengeneze. Na hao Houston wenyewe mwaka huohuo walitolewa na Lakers 4–1.

Ukitaka mfano unaofanana na wetu, angalia Villanova, timu ya chuo ya Marekani, msimu wa 2005–06. Fowadi wao Curtis Sumpter aliumia goti, na kocha Jay Wright akajikuta anaanza na magadi wanne: Randy Foye, Allan Ray, Mike Nardi na Kyle Lowry. Hakuwa amepanga falsafa yoyote, alikuwa ameishiwa warefu kama mimi na wewe. Walifika mchezo mmoja tu kabla ya nne bora ya nchi, wakatolewa na Florida ya Joakim Noah na Al Horford, ambao ndio waliochukua ubingwa. Yaani timu fupi ilikimbia mbali sana, na iliyowasimamisha ilikuwa na warefu wanaojua kucheza. Lijue hilo mapema.

3. Mtafute wa tano kwanza

Makocha wengi wenye timu fupi wanaanza na yule gadi mwenye kipaji, anayepitisha mpira katikati ya miguu. Huyo atakuja mwenyewe, hata usipomwita. Wa kutafuta kwa tochi ni yule atakayemkaba senta wa wenzenu. Golden State waliposhinda ubingwa wa NBA wa 2015 walikuwa nyuma 2–1 kwenye fainali, kocha Steve Kerr akamwanzisha Andre Iguodala mahali pa senta Andrew Bogut, wakashinda michezo mitatu mfululizo. Watu wanamkumbuka Iguodala. Mimi namkumbuka Draymond Green, mtu wa mita 1.98, aliyebaki chini ya ringi anasukumana na Timofey Mozgov wa mita 2.16.

Wa kwangu nilimpata Mwanjelwa, kwenye viazi. Lori lilikuwa limetoka Uporoto na magunia ya lumbesa, yale yaliyoshonewa kofia juu mpaka gunia linakuwa na shingo. Kulikuwa na vijana sita wanashusha. Watano walikuwa wanabeba kwa mgongo, wanayumba. Mmoja, mfupi kuliko wote, alikuwa anakunja magoti mpaka kiuno chake kinashuka chini ya gunia, anasubiri uzito umkae, halafu ananyanyuka bila mguu kusogea. Nilisimama pale kama nusu saa nikijifanya nauliza bei.

"Shikamoo kocha," aliniambia siku aliyokuja uwanjani. Alikuwa amevaa viatu vya mtumba, namba moja zaidi ya mguu wake. "Ila mimi kurusha sijui."

"Marahaba. Wa kurusha ninao wanne. Wewe nataka uzibe."

Ana sentimita 178 na kilo 84. Nilimfundisha mambo matatu kwa miezi miwili, na sikumgusia la nne.

La kwanza ni kumkaba senta kwa kusimama mbele yake, siyo nyuma. Mrefu akishapokea mpira karibu na ringi, umekwisha. Kwa hiyo simama kati yake na mwenye mpira, mgongo kifuani kwake, mkono mmoja juu ukisumbua pasi. Wakijaribu kuupitisha juu, ule mpira unakaa hewani muda mrefu, na gadi wa upande wa pili ameshafika kuuchukua. Huyo wa kusaidia ni nusu ya mbinu yenyewe. Akilala, senta anapokea peke yake.

La pili ni kiuno. Mrefu ana kitovu kilicho juu, na hiyo ni bahati yako. Kunja magoti mpaka kiuno chako kiwe chini ya chake, weka mkono wa mbele uliokunjwa kwenye mgongo wake wa chini, simama imara kabla hajapanga miguu. Akishapanga miguu umechelewa, na ukimsukuma ni faulo. Kijana wangu hili hakufundishwa na mtu, alilijua kwenye viazi. Nilimwambia tu: huyo ni lumbesa, linataka kukuangukia.

La tatu, baada ya kupata mpira auachie. Asidribo, asigeuke kutafuta sifa. Mpira uende kwa gadi aliye karibu na mstari wa pembeni, na wote wakimbie.

4. Magadi wanne, kazi nne

Ukiwaachia wenyewe, magadi wanne watakuwa watu wanne wanaogombea mpira mmoja. Mmoja ni dereva: analeta mpira na hapotezi. Wa pili ni mpigaji, na huyu ndiye mwenye ruhusa ya pointi tatu. Wa tatu ni mpenyaji. Wa nne ni mnyang'anyi, akabidhiwe gadi bora wa wenzenu na asilalamikiwe akirudi na pointi mbili tu.

Ruhusa ya pointi tatu itolewe kwa kipimo, maana kila mtu anajiona anaingiza. Wakimbize mistari mara sita kwanza, wakiwa bado wanahema warushe 100. Asiyefika 40 hana ruhusa. Mitupo 10 ya pointi tatu ukiingiza 3 ni pointi 9, leiapu 10 (mitupo ya chini ya ringi) ukiingiza 5 ni pointi 10, na mtu asiyefika 40 bila kukabwa hatafika 30 akikabwa. Msimu wetu mzuri waliruhusiwa wawili tu. Mmoja wa walionyimwa alininunia wiki mbili, akawa anarusha peke yake saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu, akarudi na 43. Sasa wako watatu.

5. Kumtoa senta wao chini ya ringi

Mtu wako wa tano, huyohuyo asiyejua kurusha, asimame juu, usawa wa mstari wa mtupo huru. Mpeni mpira hapo, halafu magadi wawili wakimbie wakipishana nyuma yake kuelekea ringi. Senta wao akipanda kumkaba, chini pamebaki wazi na pasi ya kudundisha inamaliza kazi. Asipopanda, mtu wako anageuka na kuwa ukuta: anampa mpira mpigaji, anamzibia mlinzi wake, na mpigaji anarusha kwa nafasi. Ndiyo maana nasema afundishwe pasi kabla ya kila kitu kingine cha mashambulizi.

Senta akiendelea kulala chini, mfundishe mpenyaji kusimama hatua nne mbele ya ringi na kurusha kwa upinde mrefu, mpira uende juu kabla ya kushuka. Mtupo huu vijana wanaudharau kwa sababu hauna picha nzuri ya kuweka mtandaoni. Mazoezini mtu mmoja anyanyue ufagio mbele yao, warushe juu ya ufagio. Baada ya wiki tatu mikono ya mrefu haiwatishi tena.

6. Presi, na hewa yetu

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Mgeni kutoka Dar es Salaam anafika jana yake, anaona baridi nzuri, anafurahi. Robo ya pili ameshika magoti. Mbinu hii haifai kwa watu wa Iringa au Njombe, nao wamezaliwa hukohuko juu, lakini kwa wageni wa Pwani ni mchezaji wa sita.

Kanuni inampa mwenye mpira sekunde 8 kuvuka katikati. Presi ni kuwabana uwanja mzima: mkifunga goli, msirudi nyuma. Mnyang'anyi amkabe anayeleta mpira na amsukumie pembeni, siyo katikati. Muachieni avuke mstari wa katikati akiwa karibu na mstari wa pembeni, na hapohapo mtu wa pili aje amfungie. Kulia mstari, nyuma haruhusiwi kurudi, mbele watu wawili. Sehemu hiyo tunaiita Kitonga, kama ule mlima wa barabara ya Iringa, kwa kuwa ukishaingia na gari bovu hakuna pa kugeuzia. Watatu waliobaki wasikae na watu wao, wakae kwenye njia za pasi. Atarusha pasi ndefu ya wasiwasi, na hiyo ndiyo mipira minane niliyokuambia mwanzo.

Presi inawachosha hata wanaobana. Badilisha wachezaji kila baada ya dakika nne, hata anayecheza vizuri. Robo ni dakika 10, na kumi kati ya wale kumi na wawili lazima wawe wanaijua. Kocha anayebana kwa watu saba anawachosha wake.

Juni na Julai, kabla ya yote haya, pasheni mwili dakika 20 kamili. Baridi ile inachana misuli, na mpira uliolala kwenye stoo unakuwa haudundi, upigeni pampu kidogo. Mvua za Desemba mpaka Aprili zikikatisha mazoezi ya uwanjani, tumieni korido la darasa: kutembea kwa kukaba, magoti yamekunjwa, mbele na nyuma, bila mpira. Wanachukia. Endeleeni.

7. Ribaundi ni kazi ya wote watano

Gadi anapenda kuona mpira umerushwa, ageuke akimbie mbele kusubiri pasi. Kwenye timu ndefu sawa. Kwako ni kosa la kumtoa nje. Mpira ukirushwa, kila mmoja amguse mtu wake kwanza kwa mgongo, ndipo atafute mpira kwa macho. Hata usipoushika wewe, mtu wako asiushike. Ukianguka chini ni wa kwetu, sisi tuko karibu na ardhi.

Zoezi: watatu kwa watatu, kocha anarusha akikosea makusudi, na hakuna ruhusa ya kuruka kuugusa mpira mpaka udunde mara moja. Wataona wenyewe kwamba aliyefungwa vizuri kwa mgongo hafiki, awe na urefu gani. Kumbuka pia kwamba mtupo wa mbali unarudi mbali. Wenzenu wakirusha pointi tatu, magadi wawili wasizame chini ya ringi, wakae usawa wa mstari wa mtupo huru. Mipira mingi itawafuata huko.

8. Faulo

Timu fupi inafanya faulo nyingi, hilo halikwepeki. Mpe mtu wa benchi daftari ahesabu faulo za timu kila robo na azitaje kwa sauti. Kuanzia ya tano wenzenu wanapewa mitupo huru miwili, na presi yenu inageuka zawadi. Zikifika nne, rudini nyuma mkabe nusu uwanja. Na mbeba lumbesa akiwa na faulo tatu kabla ya mapumziko, mtoe, hata roho ikuume. Akifikisha tano ametoka kabisa, na huna mwingine.

9. Mkishuka chini

Mkialikwa Dar es Salaam, ile hesabu ya hewa inageuka. Ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi, na joto la kule linawanyonya maji vijana waliozoea masweta. Tuliwahi kushuka usiku na kucheza saa nne asubuhi, miguu imevimba. Fikeni siku mbili kabla, maji yaanze kunywewa tangu Makambako, na mchezo wa kwanza msibane uwanja mzima. Baneni baada ya goli la mtupo huru tu.

Na siku mrefu akija?

Wa kwetu alikuja mwezi wa pili, kidato cha pili, sentimita 193, suruali ya shule imeishia juu ya kifundo. Vijana walimzunguka kama gari jipya. Mtu wa viazi alimtazama juu mpaka chini, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sasa arudi sokoni. Nikamwambia avae viatu, ana mtu wa kumkaba.

Mrefu nilimkataza kusimama chini ya ringi mwezi mzima. Nikampanga na magadi, mpira mkononi, mkono wa kushoto. Kila hatua ya tatu mpira unamponyoka, anaufuata mpaka kwenye mfereji, anarudi nao umelowa. Jioni ya juzi alifika katikati ya uwanja bila kuupoteza, mtu wa viazi akiwa amemkalia kiunoni njia nzima.